Mama anataka kuona bahari: namna familia moja ya Bukavu inavyopanga vakansi Gold Coast, Australia

Kwenye grupu ya WhatsApp ya familia yetu, tangu miezi miwili hakuna anayetuma tena video za kuchekesha. Kinachotumwa ni bei za tiketi za ndege, picha za paspoti, ramani, na kila siku ya posho swali lilelile la mama: hiyo bahari yenu, iko na mamba?

Mama anakaa Kadutu, Bukavu. Ana miaka 67. Yaya wetu mkubwa anakaa Logan, mji ulio kati ya Brisbane na Gold Coast, mashariki mwa Australia. Mwaka 1998 vita vilimkuta Fizi, kwa bwana yake. Akavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, akaishi katika kambi ya Nyarugusu miaka kumi na minne, kisha akapelekwa Australia pamoja na mume na watoto. Tangu siku ile aliyopanda mtumbwi, mama hajamgusa mkono. Watoto watatu wa yaya wanamjua koko wao kwenye simu tu, tena simu yenyewe ikiwa na mtandao.

Kwa hiyo tunapanga vakansi. Nimeamua kuandika namna tunavyopanga, kwa sababu Wacongo wa Kivu wanaoishi Brisbane, Logan na Toowoomba ni wengi, na kila mmoja ana mzazi huku anayengoja kuitwa. Mambo tuliyojifunza kwa kukosea yanaweza kumsaidia mwingine asipoteze feza, na jambo moja kati ya hayo linaweza kuokoa maisha ya mtoto.

Kuhusu mamba, nianze na jibu. Hakuna. Mamba wa Australia wapo, na ni wakubwa kuliko wa Ruzizi, lakini makao yao ni kaskazini zaidi, mamia ya kilomita kutoka Gold Coast. Mtu wa Uvira au Baraka akifika pale anaweza kusahau mamba na kiboko. Shida ni kwamba akisahau hivyo, anadhani maji ni salama.

Gold Coast ni nini

Ni mji wa pwani katika jimbo la Queensland, zaidi ya kilomita 50 za mchanga ulionyooka, kutoka South Stradbroke kwa juu hadi Coolangatta kwa chini, kwenye mpaka na jimbo la New South Wales. Katikati kuna Surfers Paradise yenye maghorofa marefu. Moja linaloitwa Q1 lina mita 322. Dunia nzima iliutazama mji huu mwaka 2018 wakati wa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Lakini wenyewe wanajulikana zaidi kwa mawimbi, na kwa vijana wanaosimama juu ya ubao na kuteleza nayo. Stephanie Gilmore, aliyekuwa bingwa wa dunia mara nane, na Mick Fanning, mara tatu, wamekulia na kujifunza katika kona hiyo ya kusini, karibu na Coolangatta.

Mawimbi ya pale yana siri ndogo ambayo ilinifurahisha. Mdomo wa mto Tweed ulikuwa unajaa mchanga na kuziba njia ya mashua. Tangu mwaka 2001 mchanga huo unavutwa kwa mashine na kupitishwa kwenye bomba chini ya mto, kisha unamwagwa upande wa pili, mbele ya Snapper Rocks. Mchanga ukajilaza chini ya maji kama kitanda kirefu, na wimbi likipita juu yake linavunjika polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, umbali ambao mteleza-mawimbi hawezi kuupata mahali pengi duniani. Mahali hapo wanapaita Superbank. Walitaka kusafisha njia ya mashua, wakapata mchezo.

Wenye inchi wa asili ni watu wa lugha ya Yugambeh. Kilima cha Burleigh, kinachoingia baharini kama pua, wao wanakiita Jellurgal, na hadi leo kuna wazee na vijana wao wanaowatembeza wageni na kuwaeleza habari zake. Yaya anasema hiyo ndiyo ziara ambayo mama ataipenda kuliko maghorofa. Nami naamini hivyo.

Tulipokosea kwanza: mwezi

Mpango wa kwanza ulikuwa Krismasi. Watoto wako vakansi wiki sita, kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na mbili, yaya anapata konje, kanisa la Wacongo linajaa. Nani asingetaka mama yake awepo siku ya Noeli?

Tukaanza kuhesabu. Mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili ni kiangazi huko. Joto la mchana linafika digri 28 au 29, na hewa ina unyevu mzito. Mvua kubwa zinakuja kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu. Nyumba za kupanga kando ya bahari zinapanda bei kuliko wakati wote, na pwani inajaa watu. Zaidi ya hayo, kipindi hicho ndicho cha vimbunga. Kwa kawaida vimbunga vinapiga kaskazini zaidi, lakini mwezi wa tatu 2025 kimbunga Alfred kilishuka hadi huko, kikala mchanga wa Gold Coast mpaka sehemu nyingine zikabaki kama ukingo uliokatwa kwa jembe, na kikafunga njia nyingi za msituni.

Mama ni mtu wa Bukavu. Amezoea mita 1,500 juu ya bahari na shuka mbili usiku. Ana tansion. Kumweka kwenye joto lile, katikati ya umati, ili tu apige picha na mti wa Noeli?

Tukahamia mwisho wa mwezi wa sita na mwanzo wa mwezi wa saba. Queensland ina vakansi ya masomo ya wiki mbili wakati huo. Ni baridi yao, lakini baridi gani? Mchana ni kama digri 21, jua linawaka, mvua chache. Usiku unahitaji sweta, kitu ambacho mama anacho. Maji ya bahari yanashuka karibu digri 20, ni baridi kuliko Ziwa Kivu, lakini yeye hataki kuogelea, anataka kulowesha miguu. Na kuna zawadi ambayo kiangazi hakina: kuanzia mwezi wa sita nyangumi wanapanda kutoka bahari ya barafu ya kusini kwenda kuzaa kwenye maji ya moto, na wanapita karibu hivi kwamba ukisimama juu ya kilima cha Burleigh au Point Danger na kuwa na subira, unaona mgongo na moshi wa maji bila kulipa hata makuta moja.

Kuna tulichopoteza. Katika mapango ya Springbrook, ndani ya msitu, kuna vidudu vidogo vinavyong'aa rangi ya buluu gizani, maelfu kwa maelfu kwenye dari, kama nyota. Wakati wa mvua na joto vinawaka sana, wakati wa baridi mwanga unapungua. Mtoto wa mwisho wa yaya amekasirika kwa hilo. Tumemwambia vitakuwepo, vichache.

Viza, na komisionere wa dola 800

Hapa ndipo watu wetu wanapoliwa. Australia haina ubalozi Kinshasa, na mtu akisikia hivyo anadhani lazima awe na mtu wa kumfungulia mlango. Mmoja wa Bukavu alituomba dola 800 za Amerika, akisema ana "njia". Tukamuuliza njia gani. Hakujibu vizuri.

Ukweli ni kwamba ombi la viza ya mgeni, ile wanayoita namba 600, linajazwa kwenye intaneti, kwenye ukurasa wa serikali ya Australia, na mtoto aliyeko kule anaweza kumsaidia mzazi kulijaza. Ada inalipwa hapohapo kwa kadi ya benki. Ni karibu dola 200 za Australia, na dola yao moja ni kama theluthi mbili ya dola ya Amerika. Hairudishwi ukikataliwa. Kunaweza kuwa na gharama nyingine, kwa mfano kwenda kutoa alama za vidole, na hilo huenda likakutaka uvuke mpaka. Lakini hakuna komisionere mwenye ufunguo wa mlango huo.

Kuna njia mbili za familia. Ya kwanza ni viza ya utalii ya kawaida. Ya pili ni ya mgeni anayedhaminiwa na ndugu, ambapo serikali inaweza kumwomba ndugu aweke dhamana ya feza, na feza ile inapotea kama mgeni hakurudi kwa wakati. Sisi tumechagua ya kwanza, lakini kwa mtu ambaye familia yake ina feza ya kuweka, ya pili inastahili kufikiriwa.

Swali ambalo afisa anajiuliza ni moja: huyu mama atarudi? Msilijibu kwa maneno mazuri. Lijibuni kwa karatasi. Sisi tumeweka hati ya parsele yake, karatasi za kuzaliwa za watoto wake wengine wanne walio hapa, barua ya chama cha akina mama cha kanisani ambako yeye ndiye mwekahazina, na kitabu cha likirimba chao kinachoonyesha zamu yake ya kupokea ni mwezi wa tisa. Yaya alicheka. Mimi sioni cha kuchekesha: mama wa Kadutu haachi zamu yake ya likirimba. Karatasi zote za Kifaransa zimetafsiriwa kwa Kiingereza. Upande wa yaya, karatasi za mshahara, karatasi ya nyumba, na barua inayosema ni nani anayelipa nini.

Msinunue tiketi kabla ya viza. Nasema kwa sababu jirani yetu alinunua.

Na jambo ambalo halisemwi kwa sauti katika familia zetu: kuna wanaomwita mzazi kwa vakansi huku wakiwa na mpango asirudi. Sitahukumu mtu aliyekimbia risasi. Lakini viza ya mgeni ikitumiwa hivyo, anayelipa ni mzazi wa mwingine atakayeomba mwaka unaofuata.

Safari yenyewe

Viwanja vya Goma na Kavumu vilifungwa kwa sababu ya mapigano ya mwanzo wa 2025, na mtu wa Bukavu amezoea sasa kuvuka Ruzizi, kupita Kamembe na kwenda Kigali. Kutoka Kigali mtu anaweza kupitia Doha, na kutoka Doha kuna ndege hadi Brisbane, karibu saa 14 angani kwa mkupuo mmoja. Wa Beni na Butembo wanaweza kutazama njia ya Entebbe na Dubai.

Mama hajui Kiingereza, hajawahi kupanda ndege. Dawa ya hilo tumeipata kwa bahati: unapokata tiketi, omba kiti cha magurudumu. Hakilipiwi. Hata kama mzazi anatembea vizuri, mtu wa uwanja atampokea mlangoni mwa ndege, atampitisha kwenye vituo vyote, na kumkabidhi kwenye ndege ya pili. Mama alikasirika mwanzoni, akasema yeye si kilema. Tulipomweleza ukubwa wa uwanja wa Doha, akanyamaza.

Mfukoni mwake atakuwa na karatasi moja ya Kiingereza: jina, namba ya simu ya yaya, majina ya dawa za tansion. Dawa zibaki katika boksi zake, pamoja na barua ya daktari. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya paspoti, kwa sababu anayetoka Congo anaulizwa. Na bima ya safari ni muhimu sana kwa mgeni wa umri wake. Hospitali za Australia ni nzuri, lakini mgeni kutoka kwetu anazilipa mwenyewe, na hesabu ya siku mbili inaweza kuuza parsele.

Halafu mizigo. Yaya ameomba sambaza kavu, ndagala, sombe, na mbegu za lenga-lenga. Miaka yote hiyo anaota sambaza! Lakini Australia inalinda mashamba yake vikali kuliko inchi nyingi. Kuna mbwa wanaonusa mizigo, kuna mashine, na kuna karatasi unayojaza ukieleza kama umebeba chakula, mbegu, nyama, mbao au dawa za miti. Ukitangaza, afisa anaangalia, na anaweza kukuachia au kuchukua. Ukificha, kuna faini kubwa na hata viza kufutwa palepale. Tumeamua: mbegu hapana, nyama hapana, kikapu cha mti kinabaki. Sambaza kilo moja, imefungwa vizuri, imetangazwa. Ikichukuliwa, basi. Vitenge havina shida.

Bahari si ziwa

Sasa nifike kwenye lile nililosema linaweza kuokoa mtoto.

Mwaka mmoja uliopita, mwezi wa kwanza, yaya na familia walienda Gold Coast kwa siku moja. Sehemu yenye bendera ilikuwa imejaa watu. Mtoto wake wa pili, wa miaka 13, akaona mbele kidogo mahali penye maji matulivu, mawimbi machache, hakuna msongamano. Akaingia. Maji yalikuwa kiunoni. Baada ya muda mfupi hakugusa tena chini, na kila alipopiga mikono kurudi, pwani ilikuwa inaenda mbali. Kijana mmoja aliyekuwa anateleza mawimbi alimfikia na kumlaza kwenye ubao wake. Mtoto alitapika maji ya chumvi, akalala siku nzima. Yaya hakutuambia. Ametuambia sasa tu, tulipoanza kupanga, na ameniruhusu niandike.

Mahali pale patulivu ndipo palipokuwa na hatari. Inaenda hivi: mawimbi yanasukuma maji mengi kuelekea mchangani. Maji yale lazima yarudi. Yanatafuta mahali palipochimbika kati ya vitanda vya mchanga, yanajikusanya hapo na kurudi baharini kama mto. Kwa kuwa hapo pana kina, wimbi halivunjiki, na mtu anaona uso uliotulia, rangi ya giza kidogo, wakati mwingine na povu au mchanga unaoelea kwenda nje. Kwa mtoto aliyekulia ziwani au kambini, maji matulivu ndiyo maji mazuri. Akili yetu yote ya Kivu na Tanganyika inatuambia tuingie pale.

Watu wa usalama wa maji wa Australia wanarudia kila mwaka kwamba mikondo hiyo ndiyo hatari ya kwanza ya pwani zao, mbele ya papa na kila kitu, na kwamba kati ya wanaozama kuna wengi waliozaliwa inchi nyingine. Si kwamba wageni ni wajinga. Hawakufundishwa, na aibu inawazuia kuuliza.

Bendera mbili za nyekundu na njano, zilizosimikwa mchangani, maana yake ni hii: kati ya hizi, walinzi wameangalia maji asubuhi ya leo na wanakutazama. Ziko mahali tofauti kila siku kadiri mchanga unavyohama. Hakuna bendera, hakuna kuoga, hata kama jua linawaka na wengine wameingia. Wale wengine wana ubao miguuni na miaka ishirini ya mazoezi. Mtu akishikwa na mkondo, asipigane nao. Alale chali, aelee, ainue mkono mmoja juu ili aonekane. Mkondo haumvuti mtu chini, unampeleka nje. Kinachomwua ni kuchoka kwa kupigana. Akiwa na nguvu, aogelee kwa upande, sambamba na pwani, kuelekea pale mawimbi yanapovunjika meupe. Namba ya msaada ni 000.

Na ziwa halina kupwa na kujaa. Bahari inayo, kila siku, mara mbili. Jiwe mlilowekea vyombo asubuhi linaweza kuwa ndani ya maji saa nane.

Kwa mama na wajukuu wadogo tumechagua maji mengine. Southport kuna Broadwater, maji yaliyokingwa na kisiwa, na bustani ya kuchezea maji isiyolipiwa. Kusini ya Burleigh kuna mdomo wa mto Tallebudgera, maji ya kijani kibichi unayoona miguu yako ndani, na mji una kambi ya vinyumba vidogo na mahema hapohapo. Hata huko mkondo upo maji yanapopwa, kwa hiyo ni karibu na walinzi, na mtu mzima mmoja hafanyi kazi nyingine ila kutazama watoto. Si simu. Si nyama kwenye moto.

Yaya ameanza masomo ya kuogelea kwenye piscine ya mji. Ana miaka 46. Anasema ni vigumu kuliko Kiingereza.

Msitu uliokua juu ya volkano

Mtu wa Kivu aende Australia kutazama pori? Ndugu yetu mdogo aliuliza hivyo, na ana haki. Kahuzi-Biega iko nyuma ya nyumba, imeandikwa katika urithi wa dunia tangu 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya zilizo hatarini. Mama alizaliwa kandokando yake. Hajaingia ndani tangu alipokuwa msichana, kwa sababu mnazozijua.

Mlima ulio nyuma ya Gold Coast ulikuwa volkano. Miaka karibu milioni 23 iliyopita ilimwaga lava juu ya inchi yote ile. Katikati yake leo kimebaki kilele cha Wollumbin, na ukingo wake wa kaskazini ndio safu za Lamington na Springbrook. Mtu wa Goma aliyekimbia lava ya 2002 au ya 2021 ataelewa haraka kuliko mtalii wa Sydney: jiwe lile jeusi likioza linakuwa udongo unaootesha kila kitu. Msitu ule ni mabaki ya misitu ya zamani sana, ya wakati Australia ilikuwa bado imeshikana na bara la barafu la kusini, na ndiyo maana unaitwa Msitu wa Gondwana katika orodha ya UNESCO. Sehemu ya New South Wales iliingia mwaka 1986, ya Queensland mwaka 1994.

Lamington ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1915, baada ya watu wawili, Robert Collins na Romeo Lahey, kupiga kelele miaka mingi. Lahey alitoka katika familia ya wenye mashine za kupasua mbao. Hilo nimelisoma mara mbili kuhakikisha. Kuna pande mbili za kuingia: Binna Burra, ambako nyumba ya wageni ya 1933 iliungua katika moto wa 2019, na Green Mountains, ambako familia ya O'Reilly inapokea wageni tangu 1926. Ni mmoja wa familia hiyo, Bernard O'Reilly, aliyeingia msituni peke yake mwaka 1937 kutafuta ndege iliyopotea siku kadhaa, akawakuta watu wawili bado wako hai.

Tutapanda Green Mountains siku moja, tulale usiku mmoja. Kutoka kijiji cha Canungra ni kama saa nzima ya barabara nyembamba yenye kona nyingi. Hakuna bisi ya serikali, lazima gari, na dereva asiwe mgeni wa kona. Watoto wanataka madaraja ya kuning'inia, mita 180 kati ya matawi, mita 16 kutoka chini. Mimi ningependa njia ndefu ya kilomita 21 inayounganisha pande zote mbili, lakini kwa mama tumechagua njia fupi iliyotandikwa mbao. Atawaona ndege wekundu na wa kijani wanaotua kwa mtu bila woga, kangaruu wadogo wa msituni jioni, na ndege dume anayekusanya vitu vya buluu mbele ya kibanda chake ili kumvuta jike. Vifuniko vya chupa, manyoya, chochote, mradi ni buluu.

Kitu kimoja tumemwambia mara tatu. Asichume jani. Ni mbuga, imekatazwa. Lakini pia kuna mti wa majani mapana kama moyo, wenye nywele laini, ambao ukiugusa uchungu wake unaweza kukaa wiki na hata miezi. Upupu wetu ni mchezo mbele yake. Mama anajua dawa za miti kumi na tano. Mkono wake unaenda kwenye jani kabla ya akili.

Feza ya kila siku

Hapa ndipo palipotushangaza. Tangu mwezi wa nane 2024, bisi, treni na tramu za serikali ya Queensland ni senti 50 kwa safari, hata ukibadilisha kutoka treni hadi tramu. Kutoka Beenleigh, upande wa Logan, treni inakufikisha Helensvale, na tramu inakuchukua hadi Surfers Paradise. Watu saba kwenda na kurudi: dola saba za Australia. Ya kutoka uwanja wa ndege wa Brisbane ni kampuni nyingine, bei nyingine, yaya atakuja na gari.

Nyumba tunakodi siku nne tu, jikoni ndani. Siku nyingine tunalala Logan na kushuka na treni. Kwenye bustani za pwani kuna majiko ya umeme ya bure, unafuta ukimaliza. Unga wa muhogo na samaki vinapatikana kwenye maduka ya Waafrika ya Moorooka, Brisbane. Bustani kubwa za michezo zenye bembea za kutisha tumeziruka. Tiketi zake kwa familia ni mshahara.

Hivi ninavyoandika, ombi la viza limetumwa wiki tatu zilizopita. Hatujajibiwa. Yaya ameweka nafasi ya nyumba yenye masharti ya kurudishiwa feza ikifutwa kabla ya wiki mbili, na amemwandikisha yule mtoto wa 13, sasa 14, kwenye mafunzo ya walinzi vijana wa pwani. Alikataa mwanzoni. Jana alituma kwenye grupu picha ya bendera mbili mchangani, na chini akaandika kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba koko asimame hapa, katikati, yeye atamshika mkono.

Mama aliisikiliza tafsiri, akafikiri, akajibu kwa sauti ya sekunde sita. Anauliza kama anaweza kurudi na chupa ya maji ya bahari, majirani waonje chumvi. Nimeangalia. Vimiminika vinawekwa kwenye sanduku, si mkononi. Chupa ndogo, ifungwe vizuri.